Laini Haisimami Saa Sita

Kiwanda kizima kilipomsusia Marlys Jelinek, wa kwanza kumsusia alikuwa mume wake.

Aliingia kantini na kikombe chake cha kahawa, akavuta kiti mbele ya Duane, akaketi. Duane akafunga kisanduku chake cha chakula, akainuka, akaenda kusimama kando ya mashine ya soda kama mtu anayesubiri basi. Hakununa. Alimpa tu mgongo, ule mgongo mpana wenye vumbi la mbao ambao Marlys alikuwa ameukanda kwa dawa ya misuli jana yake, na wanawake wa chumba cha rangi wakaangalia vikombe vyao.

"Pole, bosi," dereva mmoja wa foklifti ya kunyanyulia mizigo alisema kwa sauti ya kusikika. "Kumbe hata nyumbani nako hupati kura?"

Watu wakacheka. Marlys naye akacheka, maana angefanyaje, na kahawa ikamuunguza ulimi.

Kosa lake lilikuwa kupandishwa cheo. Miaka yote alikuwa chumba cha rangi, mwanamke wa kazi na wa mizaha, hadi msimamizi wa zamu ya mchana alipostaafu na wakubwa wa kampuni huko Chicago wakampa yeye nafasi hiyo. Walimpa na nyongeza ya mshahara iliyotosha kuezeka upya nyumba, na pamoja nayo wakampa mpango. Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Kila mtu wa laini ya milango, ule mstari wa mashine zinazounda milango, ajifunze kazi ya jirani yake, ili mmoja akiugua laini isilale. Tena watu wale kwa kupokezana, ili mashine zisizimwe saa sita mchana kama zilivyozimwa tangu enzi za babu zao. Kama laini isingekuwa inakwenda hivyo kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, ingefunguliwa vipande, ipakiwe kwenye malori na kupelekwa kiwanda kingine huko Iowa. Hapa Pine Fork, Wisconsin, hatuna namna nyingine ya kuhesabu Novemba. Kuna kabla ya kulungu, na kuna baada ya kulungu.

Laini ikiondoka, nyumba ya akina Jelinek ingepoteza mishahara yote miwili kwa siku moja. Duane alilijua hilo. Wote walilijua. Ndiyo maana Marlys alishindwa kuelewa ni kitu gani kimewaingia wanaume wanne wa laini ile, Duane akiwemo, watu wazima wenye wajukuu, wanafanya kazi wanavuta miguu na hakuna hata mmoja anayekubali kumfundisha mwenzake lolote.

Nyumbani kulikuwa na sheria: mambo ya kiwanda yanaachwa mlangoni pamoja na viatu. Marlys ndiye aliyeiweka, siku alipopewa cheo, akidhani anailinda ndoa. Duane aliishika kuliko alivyozishika amri za kanisa. Akishavua viatu alikuwa Duane yuleyule, anaosha vyombo, anamwimbia mbwa, anamwuliza mkewe kama amekumbuka kuvaa soksi nzito. Mtu aliyekupa mgongo mchana anakuuliza habari za soksi zako jioni. Ungemfanya nini? Marlys alitamani kumpiga na kumkumbatia, na hakujua aanze na lipi.

Jioni hiyo alifungua kisanduku cha chakula ili akioshe, akakuta mkate uko vilevile alivyoufunga asubuhi.

"Umenisusia mpaka mkate sasa?"

"Mkate gani?"

"Huu hapa. Nyama ya nguruwe na jibini. Umeurudisha mzima, Duane."

"Sikuwa na njaa."

"Wewe? Wewe uliyekula keki ya mazishi kabla ya maiti kufika?"

"Nani anakula saa tano, Marlys? Saa tano tumbo bado limelala."

"Nimekuwekea saa tano kwa sababu ya sukari yako. Daktari si alisema usikae na njaa?"

"Alisema." Duane akakausha sahani, akaiweka kabatini taratibu. "Na mimi nakushukuru. Lakini sheria ni sheria, mama. Tumeshavua viatu."

Akambusu utosini, akaenda kutazama utabiri wa theluji.

Leroy Zastrow alikuwa mtu wa gundi kwenye laini ya milango, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na ndiye aliyesimama kando ya Duane siku ya harusi. Kwake Marlys alikuwa shemeji tangu siku hiyo. Sasa alibisha hodi kwenye mlango wa ofisi uliokuwa wazi, akavua kofia, akabaki amesimama.

"Bi Jelinek."

"Leroy, siku ya harusi yangu ulilewa ukalala juu ya makoti ya wageni. Niite jina langu."

"Hapa nimekuja kikazi."

"Haya. Jana lalamiko lilikuwa vumbi. Leo ni nini?"

"Usalama. Mtu wa gundi ukimpeleka kwenye mashine ya bawaba, anaweza kuacha kidole."

"Ndiyo maana nimemwomba Duane akufundishe."

"Duane anasema haifundishiki."

"Kufunga bawaba?"

"Anasema ni mkono. Mtu anazaliwa nao."

Marlys aliweka kalamu chini. Mume wake alikuwa amezaliwa na mikono iliyoshindwa kufunga rafu moja ya bafuni kwa miaka minne.

"Leroy, tuongee kama watu. Kuna kitu mnakitaka. Niambie kimoja tu, nikifanye leo hii."

Leroy aliizungusha kofia yake mikononi. Alifungua mdomo, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema. Kisha akaufunga.

"Hatutaki kitu," alisema. "Sisi tuko sawa tu."

Huku kwetu mwanamume akikwambia yuko sawa tu, mwite kasisi. Marlys alizaliwa hapa na alilijua hilo vizuri, ila tangu apewe ofisi alikuwa anasikiliza kwa masikio ya Chicago. Alimwacha Leroy aende. Muda si mrefu simu ikalia, na ilikuwa Chicago yenyewe, bwana Pruitt, mtu mwenye sauti laini asiyewahi kukasirika.

"Vipi, Marlys? Wameupokea mpango?"

"Wanaupokea polepole."

"Nilikuwa nawaza nikutumie mtu wa kukusaidia."

"Mtu wa kunisaidia, au mtu wa kukaa kwenye kiti changu?"

"Tusifike huko," alisema bwana Pruitt. "Tuone kwanza mambo yatakavyokuwa wiki ijayo."

Marlys alikata simu, akafunga mlango, akalia kidogo kwa hasira. Halafu akafuta uso kwa kitambaa cha kufutia rangi alichokuwa bado anatembea nacho mfukoni, akarudi kwenye mashine.

Jumamosi kulikuwa na maziko ya bibi mmoja aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Wanawake wa parokia walikuwa chini ya kanisa, kwenye jiko kubwa, wanapaka siagi mikate ya waombolezaji. Katika jiko lile hakuna bosi. Marlys alipewa kisu na mikate yake kama mtu mwingine yeyote, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akapumua.

Kushoto kwake alikuwa Arlene, mke wa Delbert Kulas, yule anayeweka vioo. Kulia alikuwa Rita, mke wa Gene Wanta, anayepiga randa. Waume wa wanawake wote watatu walikuwa laini moja, na kila mmoja alijitahidi asiliguse jambo hilo. Wakazungumza habari za marehemu, wakamaliza. Wakazungumza habari za magoti, wakamaliza.

"Delbert wangu sijui ana nini," Arlene akasema mwishowe. "Anarudisha chakula. Nimemfungia kisanduku tangu tuoane, hajawahi kubakiza hata punje."

"Ati nini?" Rita akageuka. "Gene naye! Mimi nikadhani ni meno."

"Ukimwuliza?"

"Anasema yuko sawa tu."

"Hata wangu yuko sawa tu."

Wakacheka hadi kasisi akachungulia kutoka ngazini, akakumbushia kwamba juu kuna jeneza. Marlys hakucheka. Alikuwa amesimama na kisu chenye siagi, anautazama mkate.

"Rita," alisema, "Gene anakula saa ngapi siku hizi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyempangia? Saa saba unusu, baada ya dawa zake. Anakaa na yule mtoto wa ghalani aliyeziba masikio kwa muziki."

"Na zamani?"

"Zamani si ilikuwa saa sita, na akina Duane? Na zile karata zao za kichwa cha kondoo."

Kichwa cha kondoo ni mchezo wa karata ambao sisi wa Wisconsin tunazaliwa tukiukuta mezani. Malkia ndio wakubwa, na uru zote ni turufu. Walioshika malkia wawili weusi wako upande mmoja, ila hakuna anayekiri hadi karata zianguke. Wanaume wale wanne walikuwa wameucheza kila siku ya kazi, saa sita mchana, meza ileile ya dirishani, tangu binti mkubwa wa Marlys akiwa tumboni. Kila jioni Duane alimsimulia nani alimla nani. Marlys alikuwa amesikia hadithi hizo kwa muda mrefu hadi akaacha kuzisikia, kama mtu anavyoacha kusikia jokofu lake mwenyewe.

Kisha akapewa cheo, akakaa na kalamu, akapanga saa za kula. Alipanga kwa huruma. Duane apewe saa tano kwa sababu ya sukari, Delbert afuate kwa kuwa huamka alfajiri kukamua ng'ombe wa kaka yake, Leroy abaki saa sita, Gene angoje dawa zake. Kila mmoja alimpatia saa iliyoufaa mwili wake. Na kwa wema wake wote huo, akawatawanya.

"Mungu wangu," alisema Marlys. "Ni karata."

Arlene alimtazama, akaelewa, akaweka kisu chini. "Si wangesema tu!"

"Waseme nini?" Rita aliuliza. "Waseme, bosi, tunapenda kukaa pamoja? Gene? Bora ahamie Iowa na mashine."

Jumapili baada ya misa Duane alikuwa mbele ya televisheni anatazama mpira. Mapumziko yalipofika Marlys aliizima, akaweka pakiti ya karata mezani.

"Gawa."

"Mchezo huu ni wa watu wanne."

"Najua. Wewe gawa."

Duane alimtazama, akazitazama karata. Akazichanganya kwa ile kasi yake ya siku zote, akagawa. Wakacheza wawili mchezo wa wanne, mchezo uliochechemea. Baada ya mizunguko michache Duane alishusha malkia wa pau, karata kubwa kuliko zote, akaiweka taratibu kama anayeweka yai.

"Leroy huwa anapiga meza akiitoa hiyo," alisema. "Anapiga hadi chumvi inaruka."

"Na Gene?"

"Gene mwizi. Anachungulia karata zako kwenye kioo cha mashine ya soda. Miaka yote anadhani hatujui."

"Na mnamwacha?"

"Tunamwacha. Akishinda anafurahi sana, huwezi amini." Duane alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akaziinamia karata zake. "Nawakumbuka, Marlys."

Marlys alizishusha karata zake mezani.

"Tuko jengo moja tangu asubuhi. Kofia ya Leroy naiona kutoka mashineni kwangu. Lakini nawakumbuka kama watu waliohama mji. Nakaa na ule mkate, naangalia ukuta, hauteremki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Watu nchi nzima wanafukuzwa kazi, mimi nije nikulilie karata? Mzee mzima?"

"Mimi ni mkeo."

"Kule ndani wewe ni bosi. Na humu ndani kuna sheria."

"Sheria ya kijinga!"

"Uliiweka wewe."

"Basi naiondoa mimi." Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Ulinipa mgongo mbele ya watu, Duane. Mgongo niliokukanda mwenyewe."

Duane akawa mwekundu hadi masikioni. Alinyoosha mkono juu ya meza, juu ya turufu na kila kitu, akaushika wa mkewe.

"Najua," alisema. "Nilifanya vibaya. Siku ile sikulala vizuri."

"Ulikoroma."

"Nilikoroma vibaya."

Hapo ndipo Marlys alipocheka, machozi yakiwa bado yapo, na mchezo wenyewe hawakuumaliza.

Jumatatu aliwaita wote wanne kando ya mashine ya gundi. Alikuwa amewaza njia nzima namna ya kusema, kwa sababu watu wa namna hii ukiwapa wanachokitaka na ukakitaja kwa jina lake, wanakikataa.

"Mpango wa saa za kula niliuharibu mimi," alisema. "Sikuwauliza, nikakosea. Nataka nyinyi wanne mle pamoja, saa sita."

Delbert alikuna shingo. Leroy alikunja uso kama mwakilishi wa chama anavyopaswa.

"Kwa sababu gani?"

"Usalama," alisema Marlys bila kutabasamu. "Mtu anayekula peke yake anaweza kukabwa na mkate pasiwe na wa kumpiga mgongoni."

Leroy aliliwaza jambo hilo kwa makini sana.

"Hilo ni kweli," alisema.

"Imewahi kutokea," Delbert akaongeza. "Kuna mtu kule mji wa Medford."

"Ila sikilizeni. Laini haisimami saa sita. Chicago hawatakubali, na sitawaomba. Kwa hiyo saa sita lazima wawepo wengine wanne hapa wanaojua kazi zenu, wanazijua kwelikweli. Siku watakayokuwa tayari, siku hiyohiyo mtakula pamoja. Nani awafundishe, vipi, nani aanze na nani, pangeni wenyewe. Mimi na kalamu yangu tumeshawaharibia vya kutosha."

Gene aligeuka kumtazama Duane. "Kumfundisha mtu bawaba kunachukua muda gani?"

"Si ulisema mtu anazaliwa na mkono?" Leroy aliuliza.

Duane alikohoa. "Kuna wanaozaliwa nao na hawajijui."

Kabla ya jioni alikuwa amemchukua Tammy Osowski kutoka chumba cha rangi, amemsimamisha mbele ya mashine, na anamfokea kwa upendo. Leroy alichukua mtu wa ghalani. Delbert, ambaye kwa kawaida husema maneno machache kama anayalipia, alionekana akimweleza dereva wa foklifti habari za vioo hadi yule akaomba kwenda chooni. Wakagombana kuhusu nani awe wapi, wakabadilishana, wakarudishana. Katikati ya wiki Gene aligundua kwamba randa ikisogezwa karibu na gundi mtu mmoja anaweza kuzitazama zote mbili, akaja ofisini mwenyewe kulisema hilo, akalisema haraka na kukimbia. Milango miwili iliharibika. Bawaba za mmoja ziliwekwa juu chini, na Tammy akatukanwa na kufarijiwa kwa pumzi moja.

Bwana Pruitt alipiga simu siku ya Alhamisi. Alikuwa ameziona hesabu za milango, na laini ingebaki Pine Fork.

"Nataka viwanda vingine navyo vijue," alisema. "Ulitumia njia gani?"

"Kesho wanakula saa sita," alisema Marlys.

Bwana Pruitt alingoja, kalamu mkononi, asikie sehemu iliyobaki.

Ijumaa hiyo, kesho yake watu waingie msituni kuwinda, wanaume wanne walikaa kwenye meza ya dirishani. Visanduku vilifunguliwa, mikate ikaliwa bila kutazamwa, karata zikagawiwa. Leroy aliishusha turufu ya kwanza kwa kishindo, vikombe vikaruka, na mtu wa meza ya pili akawaambia waache utoto.

Raundi ya tatu Gene aliinua kidole.

"Sikilizeni."

Upande wa pili wa ukuta laini ilikuwa inakwenda. Gundi ilivuma, randa ikaimba, bawaba zikaingia mbili mbili. Tangu wawe vijana hawakuwahi kuisikia wote wanne wakiwa wameketi.

"Tammy huyo," Duane alisema. "Anaharakisha." Akataka kuinuka.

Leroy akamshika mkono wa shati. "Kaa."

Akakaa. Mashine ya bawaba ilinyamaza kidogo, kila mmoja mezani akabana pumzi, kisha ikaendelea.

"Haina habari kama hatupo," alisema Delbert.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamelitaka hili kwa nguvu zao zote, wamelipata, na lilikuwa linauma mahali fulani ambapo hawakupajua. Gene alikunja kona ya karata yake, akaikunjua.

"Daktari ameniambia nikafanyiwe upasuaji wa hili goti," Duane akasema. "Miaka mitatu ananiambia. Mimi namwuliza, nikilala hospitali nani atafunga bawaba? Hata Marlys sijamwambia, angenipeleka kwa nguvu." Alitega sikio tena upande wa ukuta. "Sasa naona naweza kwenda."

"Wiki ngapi?" Leroy aliuliza.

"Sita. Pengine nane."

Leroy aliziweka karata zake chini, zikiwa zimefunikwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya mchezo.

"Haya, kule kuna Tammy," alisema kwa ukali. "Na hapa je? Hapa atakaa nani?"

Duane alitaka kujibu kwa mzaha, lakini furaha ya kuulizwa hivyo ilimzidi, ikabidi ajifanye anatafuta turufu.